Kipande, Mizani na Mkanda Mweupe

Kuna barabara Ngara inaitwa Kipande. Watu hupita hapo kila siku, wengine wakielekea Makumbusho ya Taifa, wengine wakikata njia kuelekea mjini, na wengi hawalifikirii hilo jina hata kidogo. Wazee wanalijua. Kipande kilikuwa cheti cha kazi ambacho kila mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 alilazimishwa kubeba. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa kwa ukali baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na haikuondoka hadi mwishoni mwa miaka ya 1940. Kilikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wako. Ulikitia kwenye kikopo cha chuma, ukakining'iniza shingoni kama kengele ya mbuzi.

Nalitaja jina hilo kwa sababu nataka kuzungumzia mtoto wa Ngara anayeenda kushindana karate kwa mara ya kwanza, na jambo la kwanza linalompata mtoto huyo, kabla hajarusha ngumi hata moja, ni kupangwa. Pale mlangoni mwa ukumbi kuna meza, na nyuma ya meza kuna mtu mwenye kalamu na orodha. Una miaka mingapi? Mkanda gani? Vua viatu, panda kwenye mizani. Kilo 31. Haya, kundi lako ni lile pale, mkeka wa pili, nenda ukakae na wenzako. Mambo ya dakika mbili tu. Mzazi aliyemleta kwa mathree asubuhi hiyo huenda asiyatie maanani, macho yake yako kwenye zile medali zilizotandazwa juu ya meza nyingine.

Lakini katika mtaa kama Ngara, kuwapanga watu makundi ni jambo lenye historia ndefu. Na karate, judo na taekwondo nazo zina historia yao ndefu ya kupanga watu. Mtoto mwenye mkanda mweupe anasimama mahali historia hizo mbili zinapokutana, hata kama yeye mwenyewe anachowaza ni kama amekumbuka kukunja ngumi vizuri.

Mtaa uliopangwa

Reli ilifika Nairobi 1899, na pamoja nayo wakaja mafundi, makarani na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi. Mji ulipoanza kukua, serikali ya kikoloni ilimleta daktari mmoja, Profesa Simpson, ambaye katika ripoti yake ya 1913 alipendekeza kila jamii ikae sehemu yake, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Mwaka wa 1923 serikali ya Uingereza ilisema utengano huo wa makazi mjini usiwe sheria, lakini masharti ya hati za ardhi na bei ya ploti viliendelea kufanya kazi ileile kimyakimya. Ngara, Parklands na baadhi ya sehemu za Eastleigh zikawa za Waasia. Kijiji cha Waafrika cha Pangani, jirani kabisa na Ngara, kilibomolewa kati ya 1938 na 1939, na wenyeji wake wakahamishiwa Shauri Moyo.

Shule nazo zilipangwa vivyo hivyo. Ile shule ya wavulana tunayoiita leo Jamhuri High School ilianza 1906 kama shule ya Wahindi, baadaye ikapewa jina la Duke of Gloucester, na baada ya uhuru ndipo ikaitwa Jamhuri. Majina matatu, na kila jina linakwambia ni mtoto gani alitarajiwa kuingia getini.

Halafu michezo. Forest Road, ambayo sasa ni Barabara ya Profesa Wangari Maathai, ilijaa vilabu. Sikh Union. Goan Gymkhana. Premier Club. Tuwe wa haki hapa. Waliojenga vilabu hivyo walikuwa wenyewe wamefungiwa nje ya vilabu vya Wazungu, na kile walichojenga kilizaa matunda. Avtar Singh Sohal, mchezaji wa hoki aliyetoka katika jamii hiyo ya Masingasinga wa Nairobi, aliichezea Kenya katika Olimpiki nne mfululizo, kuanzia 1960 hadi 1972. Sikh Union yenyewe kwa kipindi fulani iliitwa Simba Union. Ila huwezi kukana kwamba mtoto wa Nairobi ya wakati ule, kabla hajaulizwa anaweza kucheza nini, alikuwa tayari amejibiwa atacheza wapi na nani. Mhindi alikwenda upande huu. Mwafrika aliyetaka kupigana kwa sheria alikwenda kwenye ndondi katika kumbi za Eastlands kama Pumwani na Kaloleni. Kati ya Ngara na Pumwani kuna mwendo mfupi tu wa miguu, lakini kimichezo ilikuwa ni kama nchi mbili.

Leo Ngara si ile. Ukishuka stejini unakutana na mitumba, maduka ya vipuri, hosteli za wanafunzi, na magari ya kwenda Thika Road yakiita abiria. Pale Park Road yamesimama majengo ya nyumba za serikali, nyumba 1,370, na watoto wa kila kabila wanapanda ngazi zilezile. Huyo ndiye mtoto anayefika kwenye ile meza.

Walimu wa shule, si mashujaa wa vita

Sasa hiyo karate yenyewe ilitoka wapi, na ilikuwaje ikawa kitu cha watoto? Ukiwauliza watu wengi watakutajia watawa wa mlimani, mashujaa wenye panga, na mambo ya sinema. Jibu la kweli ni la kawaida zaidi, na kwangu mimi linapendeza zaidi. Karate ya watoto ilitoka shule ya msingi.

Okinawa ni kisiwa kilichokuwa na ufalme wake hadi Japani ilipokitwaa 1879. Huko ndiko mbinu za mikono mitupu zilikuwa zikifundishwa faraghani, mwalimu mmoja na wanafunzi wachache, mara nyingi usiku. Mzee mmoja aliyekuwa karani katika serikali ya mfalme, Itosu Anko, ndiye aliyezipeleka shuleni. Mwaka wa 1901 karate ilianza kufundishwa katika shule moja ya msingi ya mji wa Shuri. Itosu akaona kwamba kata za zamani, ile mifuatano ya miondoko ambayo mtu huifanya peke yake, zilikuwa ndefu na ngumu kwa mtoto. Akatunga kata fupi tano, akaziita Pinan, neno lenye maana ya amani na utulivu.

Mwanafunzi wake, Funakoshi Gichin, alizaliwa 1868 na alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi. Mwaka wa 1922 alikwenda Tokyo kuonyesha karate, akabaki huko. Zile kata tano alizipa matamshi ya Kijapani, zikawa Heian. Tena akabadilisha mpangilio. Ile iliyokuwa ya pili akaifanya ya kwanza, na inaelezwa kuwa ni kwa sababu ndiyo rahisi zaidi kwa anayeanza. Hiyo ndiyo Heian Shodan, yenye miondoko 21. Unageuka kushoto, unakinga chini, unapiga hatua moja, unapiga ngumi. Unageuka nyuma. Unaendelea hivyo hadi unarudi ulipoanzia.

Mtoto wa Ngara anayesimama peke yake katikati ya mkeka, masikio yakimwaka kwa woga, akatangaza jina la kata kwa sauti kisha akageuka kushoto, mara nyingi anafanya kata hiyohiyo au ndugu yake wa karibu. Kitu hicho kilitungwa makusudi kwa ajili ya mtoto wa umri wake, na mzee aliyefikiria urefu wa hatua zake na uwezo wa kumbukumbu yake. Akisahau katikati, na wengi husahau mara ya kwanza, anasahau kitu ambacho watoto wa shule wamekuwa wakikisahau kwa zaidi ya miaka 100.

Lakini tusiipake historia hii sukari. Mwaka wa 1908 Itosu aliandika barua yenye hoja kumi akieleza faida za karate. Ndani yake alisema kwamba watoto wakianzishwa mapema shuleni, watakuwa na faida kwa jeshi. Alimtaja hata Wellington, yule jenerali wa Uingereza aliyemshinda Napoleon, na ile kauli inayohusishwa naye kwamba ushindi wa vitani huanzia viwanja vya shule. Japani ya wakati huo ilikuwa inajenga himaya. Kupanga watoto mistari, wakapiga ngumi kwa hesabu moja, kulifaa. Kwa hiyo ile mistari iliyonyooka unayoiona darasani Jumamosi asubuhi, watoto wote wakisema "osu" kwa pamoja, ina mzazi mwema na mzazi mwingine wa kutiliwa shaka. Mwalimu mzuri anajua tofauti kati ya hao wawili.

Rangi, kilo, na nani aruhusiwe

Mkanda nao una baba yake. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo kwa kufungua Kodokan jijini Tokyo 1882, alikuwa mwalimu pia, na baadaye akawa mkuu wa chuo cha walimu. Katika miaka hiyo ya 1880 alianza kuwatofautisha wanafunzi kwa madaraja, na waliofika daraja la juu wakafunga mkanda mweusi. Funakoshi aliazima utaratibu huo, akatoa mikanda myeusi yake ya kwanza ya karate 1924. Na zile rangi za katikati, njano, machungwa, kijani, buluu, kahawia? Hizo zilishamiri Ulaya, London na Paris, katika miaka ya 1920 na 1930, kwa wanafunzi ambao walitaka kuona kwa macho kwamba wanasonga mbele. Mtu yeyote aliyewahi kufundisha watoto ataelewa. Mtoto wa miaka 8 hawezi kungoja miaka mitano kuambiwa kwamba amejaribu.

Mizani ilikuja kwa ubishi zaidi. Fahari ya judo ilikuwa kwamba mdogo anaweza kumwangusha mkubwa, kwa hiyo kupima kilo kulionekana kama kukubali kushindwa kabla ya kuanza. Judo ilipoingia Olimpiki ya Tokyo 1964, kulikuwa na makundi matatu ya uzito na la nne lililo wazi kwa yeyote. Katika hilo la wazi, mbele ya Wajapani nyumbani kwao Budokan, Mholanzi Anton Geesink, pande la mtu la karibu mita mbili, alimshinda Kaminaga Akio. Ukumbi ukanyamaza. Baada ya hapo makundi ya uzito yaliongezeka, na leo hata kitoto cha kilo 25 hakipambanishwi na cha kilo 40.

Halafu kuna waliokatazwa kabisa. Mwaka wa 1959, katika mashindano ya judo ya jimbo la New York, mwanamke mmoja aliyekuja kujulikana kama Rusty Kanokogi alijifunga kifua, akakata nywele, akaingia katika timu ya wanaume na kushinda pambano lake. Baadaye aliulizwa kama yeye ni mwanamke. Alipokiri, akavuliwa medali. Hakuacha. Mwaka wa 1980 ndiye aliyeandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya judo ya wanawake, jijini New York, na 1992 judo ya wanawake ikawa mchezo kamili wa Olimpiki. Medali yake alirudishiwa 2009, miaka 50 baadaye, mwaka uleule aliofariki. Kwa wasichana wa Kiislamu mlango mwingine ulichelewa zaidi. Shirikisho la dunia la karate liliruhusu hijabu kwenye mashindano yake kuanzia 2013. Kwa msichana wa Pangani au Eastleigh, hilo lilikuwa swali la kama atapanda mkekani au atabaki akishangilia kaka yake.

Hapa ndipo naona tofauti kati ya kipande na mkanda. Vyote viwili vinampanga mtu. Kipande kilikupanga ili usitoke ulipowekwa, na kilichoandikwa ndani yake kiliandikwa na mtu mwingine. Mkanda unakupanga ili upate mpinzani unayelingana naye, na umetengenezwa ili ubadilishwe. Mwaka huu mweupe, mwakani njano. Kilo nazo hubadilika, mtoto akila vizuri tu likizo moja anahama kundi. Mpango wa haki ni ule ambao aliyepangwa anaweza kutoka ndani yake kwa jasho lake, au kwa kukua tu.

Jinsi ilivyofika kwetu

Si kwamba pwani na bara hapakuwa na watu wanaopimana nguvu kwa sheria. Lamu wana kirumbizi, mchezo wa fimbo unaochezwa kwa ngoma na zumari, harusini na wakati wa Maulidi. Wawili wanaingia uwanjani, wanazungukana, wanatafutana, umma unatazama. Hakuna pointi zinazoandikwa ubaoni. Mzee anayejua anajua nani kamzidi nani. Kijana anayeingia mara ya kwanza mbele ya babu zake na wajomba zake hana tofauti kubwa na yule wa mkekani. Tumbo ni lile lile.

Ila karate na kung fu ziliingia kwa mlango wa sinema. Bruce Lee alifariki Julai 1973, na mwezi uliofuata Enter the Dragon ikatoka. Filamu zake na za wenzake wa Hong Kong zilizunguka Afrika Mashariki yote, na kizazi kizima kikawa kinapiga mateke njiani kurudi nyumbani. Baadaye zikaja kanda za video, na mabanda ya mtaani, na sauti ya DJ Afro akizitafsiri kwa Kiswahili chetu chenye Sheng hadi Mchina akawa mtu wa kwetu kabisa. Ngara yenyewe ilikuwa na Shan, jumba la sinema lililojulikana kwa filamu za Kihindi. Leo jengo hilo ni Sarakasi Dome, ambapo vijana wanafanya mazoezi ya sarakasi. Mahali ambapo watu walikaa gizani kutazama miili ya wengine ikiruka, sasa wanaruka wenyewe.

Sinema hukupa hamu lakini haikufundishi kusimama. Walimu walikuja kwa njia zao. Dar es Salaam, 1973, Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alianza kufundisha karate ya Goju-ryu pale Shule ya Sekondari Zanaki, na wanafunzi wa wanafunzi wake bado wanafundisha Tanzania. Tazama, shule tena. Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alijenga judo kuanzia miaka ya 1990. Kenya nayo ilipata heshima ya kuandaa Michezo ya Afrika Agosti 1987, ile ambayo Kasarani ilijengwa kwa ajili yake, na huko ndiko karate na taekwondo ziliingia kwenye michezo hiyo ya bara kwa mara ya kwanza. Kwa mtoto wa Nairobi wa wakati huo, kitu cha kwenye skrini kikawa kitu cha mji wake.

Kutoka hapo ngazi ikaonekana. Mildred Alango na Dickson Wamwiri waliiwakilisha Kenya katika taekwondo Olimpiki ya Beijing 2008. Faith Ogallo akafuata Tokyo, mashindano yaliyofanyika 2021. Na huyu Ogallo ni wa kukumbukwa na kila mzazi mwenye haraka. Alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, akahamia taekwondo akiwa tayari msichana mkubwa. Hakuanza na miaka 5. Siku hizi za CBC, kila mtu anatafuta kipaji cha mwanawe kama anayetafuta funguo gizani, na ni vizuri kujua kwamba mlango haufungwi mtoto akifika darasa la tatu.

Kushinda kulikatazwa na nani?

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba baba wa karate ya kisasa hakutaka mashindano. Funakoshi aliamini kwamba mtu akianza kutafuta pointi, ataacha kutafuta tabia. Kata ilitosha, na mapambano ya ushindani aliyaona kama kuipunguza karate. Alifariki Aprili 1957. Oktoba mwaka uleule, chama cha karate cha wanafunzi wake kikaandaa mashindano yake ya kwanza ya Japani nzima. Miezi sita tu. Ni kama watoto waliongoja mzee atoke nyumbani ndio wafungulie redio.

Lakini wanafunzi nao walikuwa na hoja, na bado wanayo. Darasani unapiga hewa. Mwenzako ni rafiki yako, mnajuana, anajua utaanza na mguu gani. Siku ya mashindano mbele yako kuna mtoto usiyemjua, kutoka mtaa usiowahi kufika, na hataki kukusaidia. Hapo tu ndipo unajua kama ulichofundishwa kiko mwilini au kiko kichwani. Katika fainali ya mwaka huo wa 1957 alishinda Kanazawa Hirokazu, na husimuliwa kwamba alikuwa amevunjika mkono siku chache kabla, akataka kujitoa, lakini mama yake alikuwa amesafiri kuja kumtazama. Akapigana kwa mkono mmoja na miguu miwili. Hadithi tamu. Ila usimwambie mtoto wa miaka 8 kama mfano wa kuiga. Mwambie Kanazawa alikuwa mtu mzima.

Basi siku yenyewe huwa hivi. Kungoja ni kwingi kuliko kupigana. Watoto wanakaa mistari kwenye sakafu, wanakula ndizi, wanaenda chooni mara tatu. Jina linaitwa, mara nyingine likiwa limeharibiwa matamshi. Mmoja anafungwa mkanda mwekundu, aka, mwingine wa buluu, ao. Kuinamiana. Refa anasema "hajime", na ukumbi wote, kwa mtoto, unazimika. Ngumi safi ni pointi moja, teke la mwilini mbili, teke la kichwani tatu, na kwa watoto kugusa kichwa kunadhibitiwa sana. Mara inakwisha. Mwamuzi anainua mkono upande mmoja. Upande wa pili kuna mtoto ambaye hajui aiweke wapi mikono yake.

Huyo ndiye ninayemwandikia zaidi, kwa sababu ndio wengi. Ukihesabu kwa hesabu ya kawaida tu, katika kundi la watoto 16 wanaopigana kwa mtoano, 8 wanarudi kukaa baada ya pambano lao la kwanza. Nusu. Mashindano ya kwanza, kwa nusu ya watoto, ni siku ya kushindwa mara moja hadharani, kisha kukaa masaa manne ukitazama wengine. Mzazi anayengoja garini kumhoji kwa nini hukupiga, kwani sensei alikufundisha nini, anamharibia kitu ambacho Itosu, Kano na Funakoshi, pamoja na tofauti zao zote, walikubaliana nacho. Hakuna hata mmoja wao aliyefungua shule kwa ajili ya atakayeshinda Jumamosi moja. Kano alisema lengo ni matumizi mazuri ya nguvu na manufaa ya pande zote mbili. Pande zote mbili maana yake na aliyeshindwa pia.

Na kama kuna jambo la kutukasirisha kuhusu siku hiyo, basi si refa. Ni yule ambaye hakufika kwenye meza kabisa. Kuna ada ya darasa, kuna ada ya mtihani wa kila mkanda, kuna gi, kuna vifaa vya kukinga mikono na meno, kuna ada ya kuingia mashindano, kuna nauli. Mikanda ya rangi ilibuniwa kumtia mtoto moyo, lakini kila rangi ina risiti yake. Jamii hazitenganishwi tena kwa sheria pale Forest Road, hilo tushukuru, na mtoto wa Patel anaweza kupangwa na mtoto wa Wafula kwa sababu wote wana kilo 31. Ila mtoto wa mama anayeuza soksi nje ya Fig Tree hajulikani uzito wake, kwa sababu hakuna aliyempandisha mizani. Upangaji wa pesa hauna orodha wala kalamu, ndio maana ni rahisi kuuacha uendelee.

Walimu wengi wa Nairobi wanalijua hili na wanalipunguza kwa njia zao. Gi ya mkubwa inapita kwa mdogo, mkanda unarithiwa, mtoto mmoja analipiwa kimya na darasa zima. Shule za umma nazo zina viwanja na kumbi ambazo Jumamosi hukaa tupu. Itosu hakutunga zile kata tano ziuzwe. Alizipeleka shule ya msingi kwa sababu huko ndiko watoto wote walikuwa, aliyelipa na asiyelipa. Wazo hilo bado halijazeeka, na kutoka Jamhuri hadi Pangani zipo shule za kutosha za kulijaribu.